Foleni ya Maswali

“Chuo kikuu hapafundishwi, panasomwa. Anayetaka kutafuniwa arudi chekechea.”

Hayo ni maneno ya mjomba wako Hemedi, mhadhiri wa jiografia, aliyoyatoa Jumapili iliyopita huku mdomo umejaa pilau la mama yako. Ulikuwa umekaa mbele yake, ukaacha kula. Mimi sikuacha kula, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiyajibu kichwani: dukani, njiani, hata nikiwa natawadha. Kesho unavuka maji pale Magogoni kwenda kuanza mwaka wa pili na kuishi hosteli kule Kigamboni, kwa hiyo nimeona niyajibu kwa maandishi, uondoke nayo.

Najua utacheka. Baba gani anamwandikia barua mtu anayepanda pantoni tu, ambaye akisahau kanga anaweza kuirudia jioni? Lakini wewe na mimi tukizungumza mimi hupandisha sauti, na nikipandisha sauti wewe hunyamaza kama mama yako, kisha nabaki nabishana peke yangu. Kwenye karatasi sauti haipandi. Mambo ya ndoo, chandarua na pasi nimemwachia mama yako. Nawasikia huko chumbani mnagombania begi. Mimi nina jambo moja tu, ulilolisema Jumapili hiyohiyo kabla mjomba wako hajafungua mdomo: “Baba, mimi chuo naacha. Bora nikae dukani na wewe.”

Nataka kuzungumza na msichana aliyesema hivyo. Najua jioni ile ulibadili nia, na begi linafungwa. Lakini nia iliyogeuka mara moja inaweza kugeuka tena, na safari hii sitakuwa karibu nikuone usoni.

Tuanze na mjomba wako. Kama chuo kikuu hapafundishwi, kwa nini wanachukua mahudhurio? Lugha yetu haikosei hapa. Mhadhara, mhadhiri, hadhira, hadharani, kuhudhuria: yote hayo ni watoto wa tumbo moja, na maana ya tumbo hilo ni kuwapo. Mhadhara ni mtu kuwapo mbele ya watu waliopo. Wewe unatia saini kuthibitisha kwamba umehudhuria, na ukikosa mara nyingi unazuiwa mtihani. Mhadhiri wako anatia saini wapi? Mwaka mzima uliniletea habari zilezile. Leo mhadhara uliopangiwa saa mbili nzima umekatika baada ya nusu saa. Leo kaja, akasoma slaidi ukutani, mgongo kaielekezea hadhira, akapokea simu, akaondoka. Leo hakuja kabisa, kamtumia kiongozi wa darasa faili. Mtu wa namna hiyo akikwambia ujisomee, hakupi uhuru. Anakukabidhi kazi yake halafu anakuita mvivu.

Lakini nyani haoni kundule, na mimi ninayepiga kelele nimeishi kwa kelele hizohizo. Duka letu la steshenari, hapo lilipobanwa kati ya vitenge na vipuri vya pikipiki, linaendeshwa na mihadhara mibovu. Mhadhiri asipofundisha, faili lake linakuja kwangu kuwa desa, kopi za kukaririwa. Wanafunzi wanajipanga: shikamoo mzee, niprintie desa la takwimu, niprintie la hidrolojia, bana kurasa mbilimbili nisave hela. Nimelitoa desa moja la hidrolojia miaka na miaka, na ukurasa wake wa mwisho una maneno yaleyale: “Jaribio Ijumaa. Njooni na vikokotoo.” Kuna kijana aliwahi kuniuliza hiyo Ijumaa ni ipi. Nikamwambia nadhani ilipita kabla hajazaliwa. Tukacheka wote wawili, nikampa kopi zake, akaenda kuzikariri. Huko ndiko ada yako ilikotoka. Basi ukisema unataka kukaa dukani na mimi, ujue unataka kuhama mbele ya ugonjwa uende kukaa nyuma yake.

Mjomba wako atasema: shemeji, hata wewe umejisomea, mbona umefika? Kweli, nimejisomea. Vitabu vya mitumba vinavyotandikwa kwenye turubai pale mtaani vimenilea kuliko shule, na magazeti yamechapa makala zangu za ugomvi tangu hujazaliwa. Kwa hiyo nina haki ya kueleza kujisomea kunakupa nini na kunakunyima nini. Kunakupa maneno mengi. Kunakunyima mtu wa kukwambia kwamba neno hilo silo.

Sijawahi kukusimulia habari ya taasubi. Nilikuwa nimelikuta neno hilo kwenye kitabu, nikalipenda lilivyosikika, na kwa jinsi sentensi ilivyokaa nikaamini maana yake ni uvumilivu. Sikumuuliza mtu. Nilikaa nalo miaka, nikilitunza kama shati la sikukuu. Siku moja akafariki mzee mmoja wa Ilala, fundi cherehani, mtu mwema aliyewahi kunihifadhi nilipofika mjini kutoka Lindi. Nikaandika makala ya kumkumbuka. Nikasema katika maisha yangu sijaona mtu mwenye taasubi kubwa kama yeye, na kwamba taasubi hiyo aliwarithisha watoto wake wote.

Siku ya pili binti yake alikuja dukani, gazeti mkononi. Hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, baba alikukosea nini?”

Ndipo nilipojua kwamba nimemwandika marehemu kuwa mtu wa chuki na upendeleo wa kipofu, na ukoo wake pamoja naye. Angekuwapo mtu mmoja tu wa kunisikia nikilitamka neno lile mapema, akacheka, akaniambia wewe kijana maana yake si hiyo, ningepona. Kitabu hakicheki. Unaweza kukielewa vibaya maisha yako yote na kisikuguse bega. Ndiyo maana binadamu waligundua mwalimu. Kusoma unaweza kusoma kitandani. Mwalimu yupo ili kuwe na mtu wa kushtuka unapopotea.

Sasa nikupe na hili la mhadhara, maana ndilo linalonirudia zaidi wiki hii.

Nilipokuwa kijana hapa Kariakoo, neno mhadhara halikuwa la chuo. Lilikuwa la uwanjani. Baada ya alasiri spika zinafungwa kwenye kiwanja cha wazi, anasimama mzungumzaji wa dini, anaeleza hoja zake, watu wamejaa, wengine wa dini yake, wengine wa dini nyingine, wengine kama mimi wamekuja kwa kupenda maneno tu. Akimaliza, watu wanajipanga pembeni ya kipaza sauti. Hiyo ndiyo foleni ya maswali. Muuza mkaa anasimama humo, mwenye duka la jumla anasimama humo, na mzungumzaji haondoki mpaka foleni iishe au adhana ya magharibi ilie. Nani kashinda, mara nyingi sikuwa najali. Nilichokuwa naenda kuona ni ule muda mzungumzaji anapoulizwa jambo ambalo hakulitarajia. Unaona kabisa usoni akienda kulitafuta. Hapo uwanja mzima unatulia, hata wauza kahawa wanaacha kugonga vikombe.

Basi nikabahatika kuingia chuo kikuu. Kwenye ratiba siku ya kwanza imeandikwa mhadhara. Nikavaa vizuri. Nakuta ukumbi, kipaza sauti, mtu anazungumza, watu wametulia, nikajua niko nyumbani. Mhadhiri alipokohoa na kunywa maji, nikaamini kamaliza. Nikashuka ngazi, nikaenda kusimama pembeni ya kipaza sauti. Kijana mmoja wa Tandika, mzoefu wa viwanja vilevile, kuniona tu akashuka naye, akasimama nyuma yangu. Tukawa foleni ya watu wawili.

Mhadhiri akatutazama. “Nyie wawili mnakwenda wapi?”

“Tuko kwenye foleni ya maswali, mwalimu.”

Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakalia. Yeye hakucheka. Alisema, “Hapa hakuna foleni ya maswali. Hapa kuna mtihani.” Tukarudi tukakaa.

Nimeisimulia hadithi hiyo vijiweni mara nyingi, na kila mara naimalizia hapo ili watu wamcheke mhadhiri. Mwisho wake wa kweli ni kwamba nilikaa miaka mitatu. Nilipata shahada nikiwa nimekaa. Yule wa Tandika aliendelea kuinua mkono, akaitwa mjuaji, akazoea kuitwa hivyo. Mimi nilichagua kunyamaza ukumbini na kupigana nje, kwenye magazeti, ambako hakuna anayeweza kukuuliza swali la pili. Na kuna jambo jingine ambalo nimelijua Jumapili ile tu. Swali nililokuwa nimelibeba siku ile kwenye foleni, nalikumbuka neno kwa neno, nilikuwa na jibu lake tayari. Nilitaka kumwangusha. Sikuwa nataka kujua chochote.

Wewe si hivyo. Ulikuwa bado hujaanza shule ulipowahi kuniuliza kwa nini bonde la Jangwani linajaa maji siku ambayo mvua haijanyesha Kariakoo. Nilikujibu kwa hasira za gazetini: uzembe, mipango mibovu, rushwa. Ukasikiliza, ukasema, “Sawa baba, lakini maji yanatoka wapi?”

Na masika haya tulishuka wote kwenda kutazama. Unakumbuka jua lilivyokuwa linawaka, na wenye mabanda walivyokuwa wanahamisha magodoro bila haraka, kama watu wanaojiandaa kupokea mgeni waliyemzoea. Maji yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa. Mmoja akasema ni mvua ya Pugu, mwingine akasema wewe hujui kitu, ni bahari imejaa inayarudisha, wa tatu akasema ni mchanga, mto umeziba, na watani wake wakamwambia aache kutetea wachimba mchanga wenzake. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kutunga makala kichwani. Wewe ulikuwa unatazama chupa tupu inayopita juu ya maji, unageuza shingo kuifuata, midomo inacheza. Ulikuwa unapima mwendo. Nilikuonea wivu, mwanangu. Mimi nilikuwa natafuta wa kumlaumu, wewe ulikuwa unatafuta kitu.

Swali hilo ndilo lililokupeleka kusomea uhandisi wa maji. Swali hilohilo ulilipeleka ukumbini mwaka wa kwanza. Uliniambia ulikaa muda mrefu ukilipanga kwa Kiingereza, likagoma, ukaamua kuliuliza kwa Kiswahili, na wenzako wakacheka kabla hujamaliza. Mhadhiri akasema, “Hilo halipo kwenye slaidi,” akatazama saa, akakusanya vitu vyake. Ulirudi nyumbani siku ile ukawa mtu mwingine. Ukawa unasomea desa kama wengine. Nilikutolea mwenyewe, kwa mashine yangu, ile hidrolojia ya Jaribio Ijumaa. Ukakariri, ukafaulu, na Jumapili ukasema unaacha. Sikukushangaa. Mtu anayefeli anaacha kwa huzuni; anayefaulu kitu asichokielewa anaacha kwa dharau, na dharau haina dawa hospitalini.

Ndipo mjomba wako aliposema yale ya chekechea, na mimi nikampandishia. Nikamwambia, haya, wewe mwenye vyuo viwili, kama panasomwa, tuambie Jangwani inajaaje siku Kariakoo ni kavu. Nilitaka ashikwe na mfupa kooni.

Akanitazama kwa utulivu wake ule wa kuudhi. “Shemeji, wewe huulizi. Wewe unashtaki.” Akaendelea kula.

Nilikuwa nakusanya maneno ya kumjibu, ukanitangulia. Ulirudia swali langu, maneno yaleyale, lakini kwa sauti ya mtu aliyekaa nalo miaka. Hemedi akaacha kutafuna. Akakutazama wewe. Kisha akanawa mkono wa pili, akalisogelea sinia.

Kilichofuata ulikiona, lakini nakiandika kwa sababu nataka ukibebe. Alisukuma pilau likawa mgongo wa vilima: hapa Pugu, hapa Kisarawe. Akachora bonde kwa kidole. Kachumbari ikawa Jangwani, ndizi ikawa daraja. Akachukua bakuli la mchuzi akaanza kumimina kule juu, taratibu, anakwambia tazama, mvua iko huku, Kariakoo watu wanaanika nguo, sasa hesabu, mchuzi utafika saa ngapi kwenye kachumbari? Mama yako akasema, “Hemedi, hilo ni pilau la watu.” Hakumsikia. Ukamuuliza, na bahari ikiwa imejaa? Akaacha kumimina. “Hebu rudia.” Ukarudia. Akainua ukingo wa sinia upande wa bahari, mchuzi ukagoma kushuka, ukatuama kwenye kachumbari, nanyi wawili mkainama kuutazama vichwa vinakaribia kugongana. Nimemjua shemeji yangu tangu nilipokwenda kuposa. Sikuwa nimewahi kumwona.

Kisha ukauliza la tatu: mchanga ukichimbwa, mbona mto unarudi kujaa mchanga upesi kuliko mwanzo?

Nikamwona akienda kulitafuta. Usoni kabisa, kama wale wa uwanjani. Akarudi mikono mitupu.

“Hilo sijui, Somoe,” alisema. “Nilikuwa nalo mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Sikumuuliza mtu.”

Kwa mara ya kwanza nikamuuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake. Shemeji, nikamwambia, huu ndio mhadhara, sasa kwa nini chuoni huutoi? Akafuta mkono polepole. Alisema chuoni hakuna sinia. Kuna ukumbi ambao watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, wa nyuma hawamsikii. Kuna karatasi za mitihani zinazolala kitandani upande wa mkewe. Na kabla saa yake haijaisha bodaboda anamngojea getini kumpeleka chuo cha pili, kwa sababu chuo kimoja hakimtoshi kusomesha watoto wake. Akasema alipoanza kazi alikuwa akiwaachia wanafunzi nafasi ya kuuliza, na walipokuwa wananyamaza ilimuuma, ndipo akatunga ule msemo wa chekechea. Msemo unaumiza kidogo kuliko ukimya.

Nimekuwa nikiupindua usemi huo wiki nzima. Ukumbi ule wanafunzi wananyamaza kwa kuwa walichekwa, na mhadhiri anaondoka mapema kwa kuwa wananyamaza, na mimi nauza kopi kwa wote. Nani alianza? Mimi niliyezoea kujua nani mkosaji kabla chai haijapoa, sijui. Sikwambii hivi ili umsamehe mtu. Mhadhiri aliyekwambia swali lako halipo kwenye slaidi alikosea, na njaa yake haimtoi kosani. Nakwambia kwa sababu ni swali zuri, na kwa sababu niliona kwa macho yangu linavyofunguka. Swali langu lilimfanya Hemedi ajikinge. Lako, maneno yaleyale, lilimfanya ahudhurie. Sijui hasa tofauti ilikuwa wapi. Nadhani alisikia kwamba hukuwa na pa kwenda bila jibu.

Jioni ile ulisema unaenda. Sikukuuliza sababu, niliogopa kuipandishia sauti.

Sasa nina madai yangu. Najua barua hii utamwonyesha mjomba wako, wewe hujawahi kuficha kitu. Basi, Hemedi: wiki ijayo ukisimama mbele ya ukumbi wako, zima slaidi kabla saa haijaisha, uwaache waje mbele. Wakinyamaza, ngoja. Bodaboda naye angoje. Wakikuuliza usilolijua, sema kama ulivyosema kwenye sinia, kwa sauti ileile. Na enyi mnaoendesha vyuo, mnaojaza watu mpaka kwenye ngazi na kumlipa mwalimu kiasi cha kumgawa vipande: mnapochukua mahudhurio ya watoto wetu, chukueni na ya kwenu.

Na wewe, Somoe. Mchanga wa Jangwani mjomba wako hajui unarudi vipi, mimi sijui, na desa halijui. Jumatatu shuka ngazi ukasimame pembeni ya kipaza sauti, uulize kwa lugha itakayokuja. Wakikwambia hapa hakuna foleni ya maswali, waambie ipo, wewe ndiye wa kwanza. Watacheka. Usirudi kukaa.